Maswali ya Wasomaji: Spina wangu alipigwa sita tatu, nimwache nje?

*Mlezi wa safu hii alikuwa kipa wa kriketi kwa miaka 19, mingine akiwa nahodha, na sasa anafundisha vijana Dar es Salaam.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nahodha wa timu ya vijana, tunacheza mechi za ova 20 (ova moja ni mipira sita) mwisho wa wiki. Jumamosi ijayo tuna nusu fainali na tutacheza kwenye pichi (njia ya kurushia mpira) ya mkeka. Nina warushaji wa kasi wanne walio kwenye hali nzuri, na spina wawili, warushaji wa polepole wanaouzungusha mpira ili ugeuke: mmoja wa mkono wa kushoto, mwingine wa legi-spini, anayeuzungusha kwa kifundo cha mkono. Wenzangu wanasema nichukue wa kasi wote wanne na spina mmoja tu, kwa sababu mkeka unarusha mpira juu. Na yule wa legi-spini hawataki hata kumsikia, maana mechi iliyopita alipigwa sita tatu (mpira kuvuka mpaka bila kugusa chini, mikimbio sita) katika ova moja tukashindwa. Mimi moyo wangu uko kwake lakini sina hoja ya kuwapa. Nisaidie. — *Nahodha, Upanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenirudisha mbali, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza chukua daftari la mistari na penseli. Andika namba 1 mpaka 20 kwenda chini. Hizo ndizo ova zako. Kila mrushaji ana ova 4 tu, kwa hiyo unahitaji watu watano. Sasa usiandike jina la mtu kwa sababu ni mzuri. Andika jina mbele ya ova ambayo ungetaka arushe yeye na si mwingine. Ninyi mmeanza kwa kuuliza nani aingie, ndiyo maana mnabishana. Anza na ova, majina yatakuja yenyewe.

Utaona jambo. Ova 6 za mwanzo, wakati wadakaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara, hazina shida: una mpira mpya, mshono bado mgumu, na vijana wako wa kasi wanautaka. Ova 5 za mwisho nazo utapata wa kuzirusha. Shida iko katikati, ya 7 mpaka ya 15. Ukichukua wa kasi wanne na spina mmoja, ova 5 kati ya hizo 9 zitarushwa na kijana wa kasi, mpira ukiwa umelainika na wadakaji wako wametawanyika. Nani huyo? Na atafanya nini ambacho wenzake hawajafanya tangu ova ya kwanza?

Hapo ndipo ukipa ulinifundisha. Kipa husimama nyuma ya vijiti vya mpigaji, kwa hiyo anaona miguu yake kuliko mtu yeyote uwanjani. Mpigaji akishakabili kasi ileile kwa ova tatu nne, miguu yake inaacha kusafiri. Anasimama kwenye mguu wa nyuma, anafungua uso wa gongo kidogo tu, na mpira unakwenda wenyewe mpakani nyuma ya wadakaji wa slipu, wale wanaosimama kando ya kipa. Hana haja ya nguvu. Nguvu umempa wewe. Akija mtu wa polepole, nasogea mpaka kwenye vijiti na kusikia pumzi zake. Kisigino cha nyuma kinainuka. Sasa mpira haumjii na nguvu, lazima aitafute mwenyewe, na mimi niko hapo nasubiri kisigino hicho kitoke kwenye mstari. Ndiyo maana nikiwaangalia vijana wanne wa kasi, swali langu la kwanza ni kama wanatofautiana. Kama wote wanarusha kwa mkono wa kulia, kimo kimoja, mwendo mmoja, kwa mpigaji huyo ni mtu mmoja aliyebadili fulana mara nne.

Sasa mkeka. Wenzako wamesema kweli nusu. Mkeka wa nyuzi za nazi unarusha mpira juu, lakini pia unaushika. Jumamosi asubuhi fika mapema, piga magoti, weka kiganja kwenye mkeka pale mpira wa spina unapotua, usukume kama unakunja shuka. Ukiwa umekazwa mpaka hausogei, na chini kuna saruji, mpira utakuja haraka na juu. Wa kasi watafurahi, na legi-spini naye atapata mruko ambao kwenye nyasi hauoni. Mkunjo ukitokea chini ya vidole vyako, mkeka umelegea: mpira utasita kidogo kisha utageuka, na hapo spina wawili ni hazina. Kwa maneno mengine, sijaona mkeka unaomkataa spina. Nimeona manahodha wanaomkataa.

Mmoja alikuwa mimi. Fainali, mkeka, miaka mingi iliyopita. Nilikuwa na spina wa mkono wa kushoto aliyekuwa amepigwa vibaya wiki moja kabla, nikamwacha nje nikaingiza mrushaji wa nne wa kasi. Mpaka ova ya 6 tulikuwa tunacheka. Kisha mpigaji wao mmoja, mtu mfupi asiye na nguvu yoyote, akaanza kuusindikiza mpira nyuma ya slipu, nne baada ya nne. Nilibadilisha warushaji kila ova na hakikubadilika kitu, kwa sababu wote niliowaleta walikuwa wa aina moja. Wakatushinda kwa wiketi 4, yaani nafasi nne za kutolewa wapigaji wao zikiwa hazijatumika, na ova mbili zikiwa bado. Kila nilipogeuka kuangalia pembeni nilimwona yule kijana amekaa juu ya boksi la barafu, ameshika mpira wa mazoezi, anauzungusha kwa vidole vya kushoto, anaudaka, anauzungusha tena. Alifanya hivyo mechi nzima. Nilimwomba radhi wiki mbili baadaye, na mpaka leo naona nilichelewa.

Kwa hiyo kuhusu huyo wako wa legi-spini, kabla ya kumhukumu nataka ujue sita tatu zile zilitokeaje. Zilipigwa upande gani? Upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi? Spina anayerusha akiukabili upepo hupata mpira unaoning'inia kisha kudondoka ghafla, na hiyo ni silaha kubwa. Lakini mpigaji akiupatia sawasawa, upepo huohuo unaupeleka nje. Ukimwekea upande huo, mpe mdakaji nyuma kabisa, usawa wa pichi, usimwache peke yake. Je, ilikuwa ova yake ya ngapi? Mara nyingi nahodha huogopa legi-spini, humficha mpaka ova ya 17, kisha humtupa kwa mpigaji ambaye macho yameshazoea na hana cha kupoteza. Hapo aliyekosea ni nahodha. Legi-spini apewe mpira mapema, wakati mpigaji mpya anaingia, na aambiwe wazi: nakupa ova mbili, ukipigwa sita ya kwanza bado mpira ni wako.

Wenzako wakikuuliza ushahidi, wape Collins Obuya. Tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia, uwanja wa Gymkhana Nairobi. Kenya walipata mikimbio (alama) 210 tu dhidi ya Sri Lanka, watu waliokua wakicheza spini tangu utotoni. Obuya, kijana wa legi-spini, akarusha ova 10, akatoa mikimbio 24, akachukua wiketi 5, yaani akawatoa wapigaji watano. Sri Lanka wote nje kwa 157. Hakuna aliyesema siku ile kwamba legi-spini ni kamari.

Na kama wanasema "hii ni pichi ya kasi", waambie habari ya Durban, Afrika Kusini, karibu wiki tatu baadaye, Kenya na Australia. Brett Lee wa Australia alianza kwa kasi ya kutisha, akachukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, na Kenya walikuwa na mikimbio 3 tu wiketi 3 zikiwa zimeshakwenda. Ungeapa kwamba pichi ile ni ya kasi. Usiku ukaingia, Australia wakawa wanafukuza 175 na Adam Gilchrist anapiga kila kitu. Kenya wakampa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, miaka 39, spina wa mkono wa kushoto aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena. Ova 8 na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Jumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, mmoja wao nahodha wao Ricky Ponting. Australia walishinda, ni kweli, lakini mbele ya Karim walitambaa. Siku ileile, pichi ileile, mtu wa kasi na mtu wa polepole wote wameng'ara.

Hivi ndivyo ningejaza daftari lako, ukubali au urekebishe. Wa kasi watatu, spina wote wawili. Anayepindisha mpira mpya hewani: ova ya 1, 3, 5 na 18. Mwenzake: 2, 4, 17 na 19. Wa tatu, yule anayeweza kutua mpira miguuni mwa mpigaji bila kutetemeka: 6, 12, 16 na 20. Wa mkono wa kushoto: 7, 9, 11 na 14. Legi-spini: 8, 10, 13 na 15. Ova ya 12 nimempa wa kasi makusudi. Baada ya ova tano za polepole mpigaji ameanza kutoka kwenye mstari wake kwenda kuupokea mpira. Mletee mpira wa haraka unaoruka kifuani, utaona anavyorudi kwa hofu. Kasi na spini zinalishana namna hiyo.

Wa kasi wa nne utamwacha, na lazima umwambie mwenyewe, Ijumaa, uso kwa uso, wala usitume ujumbe kwenye simu. Kama ndiye pekee anayerusha kwa mkono wa kushoto kati yao, basi mwache mwingine, huyo abaki. Kuna kitu kimoja tu kitakachonibadilisha mawazo: mvua ya usiku ikiacha unyevu chini ya mkeka na mpira ukawa unateleza kwa kasi asubuhi. Hapo cheza wanne. Lakini hata hapo atakayebaki nje si huyo unayemtaka.

SWALI: Mwalimu, wewe unasifu spina kila toleo. Mbona West Indies ya nahodha Clive Lloyd iliitawala dunia na warushaji wa kasi wanne bila spina? — *Mpenzi wa kasi, Arusha*

JIBU: Hoja nzuri, na kaka yangu usidhani naichukia kasi. Nimevunjika vidole viwili kwa kuipenda.

Lakini anza pale Lloyd alipoanza. Mwezi Aprili 1976, Port of Spain, aliingia kwenye mechi ya Test, ile ya siku kadhaa, dhidi ya India akiwa na spina watatu. Akawapa India lengo la mikimbio 403 katika zamu ya mwisho, na India wakafika 406 kwa kupoteza wiketi 4 tu. Sunil Gavaskar alipiga 102, Gundappa Viswanath 112. Lloyd aliumia sana siku ile, na tangu hapo akaigeukia kasi. Sababu yake ilikuwa ya kweli: spina aliokuwa nao hawakutosha, na vijana wa kasi aliokuwa nao walikuwa wa ajabu.

Sasa waangalie hao wa kasi mmoja mmoja. Joel Garner alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2, mpira wake ulishuka kutoka juu ya paa. Colin Croft alirusha akitokea pembeni kabisa, mpira unakufuata mwilini. Michael Holding alikuja kimya kimya kama mtu anayetembea msikitini, kisha umeme. Andy Roberts alikuwa na mpira wa kifuani wa aina mbili, mmoja polepole kidogo ili ukuzoeshe, wa pili ukukute. Wanne, na kila mmoja alikuwa swali tofauti kwa mpigaji. Ukiwa na wanne wa namna hiyo, nami sitakuuliza habari ya spina. Hata hivyo mwaka 1984 walipoifunga Uingereza 5–0 kwao, walimchezesha Roger Harper wa ofu-spini, anayeuzungusha mpira kwa vidole, na pale Old Trafford alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 57 katika zamu moja.

Upande wa pili wa hadithi ni Perth, Australia, Desemba 2018. India waliiona pichi ina kijani, wakaingia na wa kasi wanne bila spina hata mmoja wa kutegemewa. Australia wakambakiza Nathan Lyon. Alichukua wiketi 8 katika mechi ile, akawa mchezaji bora, Australia wakashinda kwa mikimbio 146. Pichi ilikuwa na ufa na mruko. Aliyejua kuutumia ule mruko alikuwa mtu wa ofu-spini.

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, anapenda sana kurusha kwa kasi. Kocha wake kasema ni mfupi, aanze spini. Mtoto analia, anaona kama ameadhibiwa. Niingilie? — *Mama, Kampala*

JIBU: Mama yangu, ingilia, ila kwa upole, umkute kocha peke yake.

Miaka 13 ni mapema mno kumfungia mtoto mlango kwa ajili ya kimo. Malcolm Marshall, mrushaji wa kasi wa West Indies, hakuwa mrefu ukimweka kando ya wenzake, na wapigaji wa enzi yake wengi watakuambia hawakukabili mtu hatari kuliko yeye. Aendelee na kasi, lakini mhesabie mipira. Mgongo wa chini wa mtoto anayekua huumia kwa kurusha kasi kila siku, na maumivu hayo hayatibiwi kwa kusuguliwa dawa ya misuli. Akisema kiuno kinauma upande mmoja, apumzike na aonwe na daktari.

Ninachomlaumu kocha ni kuifanya spini iwe adhabu. Hapo hapo Kampala mna dawa ya hilo. Mkalishe mtoto umsimulie Frank Nsubuga. Juni 2024, Guyana, Uganda wakicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, mzee huyu wa miaka 43 mwenye ofu-spini alirusha ova zake 4 dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Vijana wa kasi, Juma Miyagi na Cosmas Kyewuta, walichukua mbili mbili. Papua New Guinea wakatoka kwa 77 na Uganda wakapata ushindi wao wa kwanza kwenye mashindano hayo. Siku chache baadaye kwenye uwanja huohuo, West Indies waliwafundisha Uganda jambo lilelile kwa uchungu: Akeal Hosein, spina wa mkono wa kushoto, alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 11 na Uganda wote wakatoka kwa 39.

Kisha mpe mtoto chungwa. Aketi mlangoni, alizungushe kutoka mkono huu kwenda huu kwa vidole viwili, jioni moja baada ya nyingine, na hakuna anayemwambia aache kasi. Akifika miaka 16 mwili wake utamwambia mwenyewe.

SWALI: Mimi niko Maskati. Tunacheza usiku chini ya taa, na nahodha wetu, akipoteza tosi tukarusha wa pili, hanipi mpira kabisa. Mimi ni ofu-spini. Anasema umande. Ni kisingizio? — *Mzanzibari, Oman*

JIBU: Si kisingizio, ndugu yangu. Umande ukishashuka, mpira unakuwa kama sabuni. Vidole vinateleza juu ya mshono na badala ya kugeuka unakwenda moja kwa moja, tena polepole, na mpigaji anausubiri. Nahodha anayewaza vizuri usiku wenye umande hupanga kurusha ova za spini mapema zaidi, kabla nyasi hazijalowa, na hilo waweza kumwomba: akupe ya 5 na ya 7, asikuwekee ya 14.

Lakini na wewe una kazi. Wengi hufanya mazoezi na mpira mkavu mwaka mzima, kisha hushangaa usiku mmoja wenye maji. Nenda uwanjani na ndoo ya maji na taulo. Rusha mipira 12 mikavu, kisha chovya mpira, ufute mara moja tu, urushe. Ushike kwa kukaza kidogo zaidi, utue mbele zaidi karibu na miguu yake, na uusukume badala ya kuupandisha juu. Mipira 36 kila zoezi, kwa mwezi mmoja. Kisha mwite nahodha wako aje asimame nyuma ya vijiti, na ndoo iwe karibu yake, achovye yeye mwenyewe.